Kigeu cha Mazingira na Kiswahili cha Ukanda wa Shaba: Lugha ya Kazi Kutoka Union Minière Hadi Java

1.0 Utangulizi

Mtumiaji wa kompyuta mjini Kolwezi anayefanya kazi kwa mfumo wa Linux, na anayetaka programu za Java zimwandikie tarehe na hesabu kwa Kiswahili cha nchi yake, hukutana na jambo linalohitaji maelezo. Huiarifu mashine, kwa utaratibu uliowekwa, kwamba lugha yake ni Kiswahili na nchi yake ni Kongo. Java haitoi onyo lolote. Hufunguka, nayo hufunguka kwa Kiingereza. Haichagui Kifaransa, ambacho ndicho lugha rasmi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wala haichagui Kiswahili cha Tanzania au cha Kenya. Humrudisha mtumiaji kwenye lugha ambayo hakuiomba.

Kwa fundi wa kompyuta jambo hili ni kasoro ndogo yenye dawa inayojulikana. Kwa mwanafunzi wa historia ya Kiswahili ni zaidi ya hapo. Makala haya yanadai kwamba kasoro hiyo ni sura mpya ya jambo la zamani katika ukanda wa shaba: lugha ya chombo cha kazi imekuwa ikiamuliwa mahali pengine, na wale wanaokitumia chombo wameachiwa kazi ya kuirekebisha. Ili kulionyesha hilo, yataelezwa kwanza maana ya vigeu vya mazingira. Kisha historia ya Kiswahili kama lugha ya kazi huko Katanga. Halafu jinsi Kiswahili kilivyoingia katika kompyuta. Na mwisho namna mazingira ya Java yanavyoweza kupangwa Kolwezi, pamoja na hatari iliyomo katika upangaji wa haraka.

2.0 Kigeu cha Mazingira

Programu yoyote inapoanzishwa haijui iko wapi, inamtumikia nani, wala wasaidizi wake wamewekwa wapi. Mambo hayo huambiwa. Katika mfumo wa Unix, tangu toleo lake la 7 lililotolewa na maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1979, habari hizo hutolewa kwa orodha ya majina, kila jina likiwa na thamani yake. Jina na thamani yake ndicho kinachoitwa hapa kigeu cha mazingira. HOME hutaja makazi ya mtumiaji. PATH hutaja njia ambazo amri hutafutwa humo. LANG hutaja lugha na nchi. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilirithi utaratibu huu wote.

Sifa moja ya vigeu hivi inastahili kukumbukwa. Mazingira hurithiwa kutoka juu kwenda chini. Programu inayozaa nyingine huipa nakala ya mazingira yake. Mtoto anaweza kuibadilisha nakala hiyo atakavyo, lakini badiliko lake halimfikii mzazi. Ndiyo sababu agizo lililoandikwa katika dirisha moja la amri hufa pamoja na dirisha hilo, na ndiyo sababu anayetaka agizo lidumu hulazimika kuliandika mahali panaposomwa mapema zaidi: katika faili la .profile ndani ya makazi yake, au katika /etc/environment kwa ajili ya watumiaji wote wa mashine.

Java ilitangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Ahadi yake ilikuwa kwamba programu ikishaandikwa mara moja itafanya kazi katika mashine ya aina yoyote. Ahadi hiyo ilitimizwa kwa kuweka kati ya programu na mashine tabaka jingine, ambalo nalo halina budi kuonyeshwa mahali lilipo. Kigeu cha JAVA_HOME ndicho kinachotaja saraka ambamo Java imewekwa. Injini ya Java yenyewe haikihitaji. Wanaokihitaji ni zana zinazoizunguka, kama vile Ant, Maven na Tomcat. Katika Linux za ukoo wa Debian huandikwa hivi:

export JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/default-java
export PATH=$JAVA_HOME/bin:$PATH

Neno export ndilo linaloruhusu kigeu kirithiwe. Bila hilo jina hubaki kwa aliyeliandika. Aidha, mistari hii ikiwekwa katika .profile husomwa mtumiaji anapoingia katika kikao chake, na hivyo hata programu inayofunguliwa kwa kubofya picha kwenye eneokazi kwa kawaida huirithi. Ikiwekwa katika .bashrc husomwa na dirisha la amri tu. Wanafunzi wengi waliokuta programu ileile ikifanya kazi kwa njia moja na kukataa kwa njia nyingine walikuwa wamekumbwa na tofauti hii, ingawa walidhani kwamba Java imeharibika.

3.0 Lugha ya Kazi Katika Machimbo, 1906–1966

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la kwanza likaanza kuyeyusha shaba. Katika miaka hiyo ya mwanzo Katanga ilielekea kusini zaidi kuliko ilivyoelekea Kongo. Wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, wasimamizi wengi walizungumza Kiingereza, na amri za kazini zilitolewa mara nyingi kwa lugha ya mchanganyiko iliyotoka katika machimbo ya Afrika Kusini.

Kiswahili nacho kilikuwako Katanga tangu karne ya 19, kikiwa kimeletwa na misafara ya biashara na kustawi katika dola ya Msiri. Hata hivyo hakikuwa lugha ya mama ya makundi makubwa ya wafanyakazi walioajiriwa. Katika miaka ya 1920, kampuni ilipoanza kuajiri watu kutoka Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi, na hasa ilipoamua kuwaweka wafanyakazi pamoja na jamaa zao kambini kwa mikataba ya miaka mitatu, swali la lugha moja ya kazi lilihitaji jibu. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kiitwacho Language and Colonial Power, ameonyesha kwamba kuchaguliwa kwa Kiswahili hakukutokana na urahisi wake pekee. Kulikuwa na haja ya kuitenga Katanga na mvuto wa Waingereza wa kusini, na kulikuwa na haja ya lugha ya kuamrishia. Vijitabu vya msamiati alivyovichunguza Fabian vinaeleza mengi kwa namna vilivyotungwa: vimejaa vitenzi vya kuagiza, na vina nafasi ndogo kwa mfanyakazi anayeuliza.

Kolwezi ilianzishwa katika mazingira haya. Njia ya reli kutoka Tenke hadi Dilolo, iliyoiunganisha Katanga na bandari ya Lobito, ilikamilika mwaka 1931, na mwaka 1937 mji ukaanzishwa kuwa makao ya machimbo ya magharibi. Kwa hiyo ni mji uliozaliwa wakati Kiswahili kimekwisha kuwa lugha ya kambi. Watoto waliozaliwa humo hawakukipokea kama lugha ya amri. Walikipokea kama lugha ya uani, ya mpira na ya masengenyo.

Hapo ndipo mabadiliko makubwa yalipotokea. Lugha iliyowekwa na walio juu ilifanywa upya na walio chini. Moja ikawa moya, nne ikawa ine, nane ikawa munane. Upatanisho wa ngeli ukarahisishwa, iko ikachukua kazi nyingi za kuunganisha kiima na kiarifu, na maneno ya Kifaransa ya zana yakamiminika. Kapita, neno lenye asili ya Kireno, likawa jina la msimamizi wa Kiafrika. Posho, ambalo kwa Kiswahili cha pwani ni chakula au fedha ya matumizi, likapata uzito mpya mahali ambapo kampuni iligawa chakula kwa juma. Katika Lingala, lugha jirani, poso limekuwa jina la juma lenyewe. Kalenda ya mgao ikawa kalenda ya watu.

Wasomi waliitambua lugha hii mapema. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu kilichofunguliwa Elisabethville mwaka 1956, aliandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi katika miaka ya 1960. Wasemaji wenyewe hawakungoja wasomi. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani, alitunga historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha hapo hapo, kwa tahajia ambayo hakuna shule iliyoifundisha. Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na ufafanuzi mwaka 1990. Maandiko hayo ni ushahidi kwamba Kiswahili cha ukanda wa shaba kilikuwa lugha ya kalamu muda mrefu kabla kompyuta haijauliza kama kipo.

4.0 Kutoka Gécamines Hadi Lualaba

Mwishoni mwa mwaka 1966 serikali ilitwaa mali ya Union Minière, na baada ya mabadiliko ya majina kampuni ya taifa ikajulikana kama Gécamines. Mwaka 1971 mkoa wa Katanga ukapewa jina la Shaba, na ukabaki nalo hadi mwaka 1997. Kwa miaka 26 mkoa mzima uliitwa kwa neno la Kiswahili, ingawa ofisi zake ziliandika kwa Kifaransa. Vita vya mwaka 1977 na 1978, ambavyo katika awamu yake ya pili viliufikia mji wa Kolwezi wenyewe, viliujeruhi mkoa. Uzalishaji uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 uliporomoka baada ya sehemu ya mgodi wa Kamoto kubomoka mwaka 1990. Mwaka 2015 Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba.

Kisheria, Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kifaransa ndicho lugha rasmi. Kwa hiyo kompyuta ilipoingia ofisini na chuoni Kolwezi, iliingia ikiwa na Kifaransa mdomoni. Kiswahili kilibaki lugha ya wanaoizunguka: wanaouliza kwa nini imekwama, na wanaojibu.

5.0 Kiswahili Ndani ya Kompyuta

Juhudi kubwa ya kwanza ya kukiingiza Kiswahili katika programu huria ilifanyika Dar es Salaam. Mradi wa KiLinux, uliowashirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Mradi huo ulilazimika kutunga istilahi kabla ya kutafsiri, nao ulitegemea Kiswahili sanifu, jambo lililokuwa la haki kwa mahali ulipofanyiwa. Inafaa kukumbuka kwamba OpenOffice yenyewe ilihitaji Java kwa baadhi ya shughuli zake. Hivyo swali la Java na swali la Kiswahili yalikutana katika eneokazi moja tangu wakati huo. Wakati huo Java haikuwa programu huria. Sun ilianza kuifungua chini ya leseni ya GPL mwezi Novemba 2006.

Tafsiri ya menyu ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni maelezo ya lugha na nchi: majina ya miezi na siku, alama ya fedha, na namna ya kuandika tarakimu. Maelezo haya huhifadhiwa katika hazina mbili ambazo hazisomani. Ya kwanza ni glibc, maktaba ya msingi ya Linux nyingi. Ya pili ni CLDR, hazina ya shirika la Unicode, ambayo Java huitumia kama chaguo lake la kwanza tangu toleo la 9 lililotoka Septemba 2017.

Katika CLDR, Kiswahili cha Kongo kilipata faili lake mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa alama ya swc. Faili hilo halikuandikwa kwa Kiswahili cha vitabu vya Dar es Salaam. Mwezi wa kwanza uliitwa mwezi ya kwanja, wa nne mwezi ya ine, wa nane mwezi ya munane, wa kumi na moja mwezi ya kumi na moya. Jumapili iliitwa siku ya yenga. Mtu anaweza kuhoji uteuzi huo, kwani Kiswahili cha Katanga, cha Kivu na cha Kisangani si kimoja, na faili moja halina budi kuipendelea sehemu na kuiacha nyingine. Hata hivyo lilikuwa tamko la maana: yaliandikwa ndani ya mashine maneno ambayo mwalimu wa shule angeyakata kwa wino mwekundu. Baadaye, katikati ya muongo uleule, alama ya swc iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na sw_CD, yaani Kiswahili cha Kongo kikahesabiwa kuwa tawi la Kiswahili kimoja, linalorithi kutoka kwa mzazi lisilolitaja lenyewe.

Katika glibc mambo yalikwenda vingine. Humo kuna sw_KE na sw_TZ. Kongo nayo imo, kwa lugha ya Lingala, kwa alama ya ln_CD. Lakini sw_CD haikuwamo katika matoleo yaliyotolewa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2020. Hapa ndipo ilipo sababu ya tukio lililotajwa mwanzoni. Java inapoanza katika Linux huiuliza glibc lugha ya mtumiaji ni ipi. Mtumiaji ameandika LANG=sw_CD.UTF-8. Kwa kuwa glibc haina faili la jina hilo, hulikataa ombi lote na kubaki katika hali yake ya asili, nayo Java huitafsiri hali hiyo kuwa Kiingereza. Java inakijua Kiswahili cha Kongo. Ila mlinzi wa mlango hakijui, na mgeni haruhusiwi kufika ndani.

6.0 Kuyapanga Mazingira

Njia ya kwanza ya kutatua tatizo hili ni kumpita mlinzi. Injini ya Java husoma kigeu kiitwacho JAVA_TOOL_OPTIONS kila inapoanza, na kigeu hicho kinaweza kutaja lugha na nchi moja kwa moja:

export JAVA_TOOL_OPTIONS="-Duser.language=sw -Duser.country=CD"

Mstari huu ukiwekwa katika .profile baada ya ule wa JAVA_HOME, programu zote za Java za kikao hicho zitatumia maelezo ya Kongo, hata kama eneokazi lenyewe linatumia Kifaransa. Injini hutangaza kila mara kwamba imekiona kigeu hicho. Tangazo hilo si kosa.

Njia ya pili ni kumfundisha mlinzi jina jipya kwa kunakili maelezo ya jirani:

sudo localedef -i sw_TZ -f UTF-8 sw_CD.UTF-8

Baada ya hapo LANG=sw_CD.UTF-8 hukubaliwa, na Java huipokea. Njia hii huonekana bora kwa sababu inahusu eneokazi zima. Lakini ina madhara yaliyofichika. Kilichonakililiwa ni Tanzania iliyovaa jina la Kongo. Programu zinazoisoma glibc zitaweka shilingi mahali pa faranga, na zitatumia nukta kwa desimali na koma kwa maelfu. Java, inayosoma CLDR, hufuata desturi iliyoachwa na Wabelgiji: koma kwa desimali na nukta kwa maelfu. Basi katika eneokazi moja, chini ya lugha moja, 1.250 ni elfu moja mia mbili na hamsini katika dirisha hili, na ni moja na robo katika dirisha lile. Katika mji ambao maisha yake hutegemea uzito wa shehena na asilimia ya shaba ndani ya mawe, tofauti hiyo si ya urembo. Tena, mfumo unapoijenga upya hazina yake ya lugha, nakala hiyo inaweza kufutwa bila taarifa.

Njia ya tatu ndiyo ndefu na ndiyo ya kudumu: kuandika faili halisi la sw_CD kwa ajili ya glibc na kuliwasilisha kwa wasimamizi wake. Faili la namna hii ni maandishi ya kawaida. Ugumu wake haumo katika kompyuta. Umo katika maswali ambayo fundi hawezi kuyajibu peke yake: je, mwezi wa kwanza uitwe Januari, Janvier au mwezi ya kwanza? Je, kwanza au kwanja? Je, Jumapili ya Kolwezi iitwe kama ya Bukavu? Haya ni maswali ya isimu na ya historia, na majibu yake yanahitaji watu wa Lubumbashi, Kolwezi, Bukavu na Kisangani wakae pamoja.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kigeu cha mazingira ni kitu kidogo kinachobeba uamuzi mkubwa. Katika miaka ya 1920 kampuni iliamua lugha ya machimbo kwa sababu zake yenyewe, na watu wa kambini wakaifanya lugha hiyo kuwa yao. Karne moja baadaye hazina mbili zilizotungwa mbali na Katanga zinatoa majibu mawili tofauti kwa swali kama Kiswahili cha Kongo kipo. Moja inasema kipo. Nyingine haina jina lake.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, kati ya nyakati hizi mbili. Mfanyakazi wa Union Minière hakuwa na njia ya kukifungua kijitabu cha msamiati na kukisahihisha. Faili za glibc na za CLDR ziko wazi, na taratibu za kuzirekebisha zinajulikana. Wanaofundisha na kusoma Kiswahili katika vyuo vikuu wamezoea kukiandikia Kiswahili cha Kongo makala za kukieleza, na kazi hiyo ina thamani yake. Kinachobaki ni kukiandikia faili hilo moja, kwa tahajia ambayo wasemaji wake wataikubali. Kama mazingira hurithiwa kutoka juu kwenda chini, basi mahali pa kuyasahihisha ni pale juu yanapoandikwa kwanza, ili mtumiaji wa Kolwezi asilazimike kuyatengeneza upya katika kila mashine anayoiwasha.